WEMBE USIWE ULE ULE: MISINGI YA KUKATA NA KUNYOA NYWELE



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, kila zinapokaribia siku za Idd, Maulidi au kufunguliwa kwa shule, watoto wetu hupangwa foleni chini ya mti wakanyolewa. Kaka mkubwa hushika wembe au mashine, na wadogo husubiri zamu. Kabla ya adhuhuri vichwa kumi huwa vimekwisha, na mama hufurahi kuwaona wanawe safi. Hili ni jambo jema na lina thawabu kwa mwenye kulifanya kwa nia njema. Lakini katika foleni hiyo hiyo hupita mapunye na vidonda, na mara nyingine maradhi yasiyoonekana kwa macho, kwa sababu chombo kilichoanza kwa mtoto wa kwanza ndicho kinachomalizia kwa mtoto wa kumi. Watu wana msemo wao wa mzaha kwamba wembe ni ule ule. Sisi tunasema kwamba katika kunyoa, wembe usiwe ule ule.

Tumeona tuliandikie jambo hili katika jarida letu la mwaka huu kwa sababu vinyozi wengi wa watoto wetu hapa Kilimatinde si watu wa saluni. Ni baba, mama, kaka na wajomba. Kazi wanayoifanya ni amana, kwani mtoto anapoinamisha kichwa mbele ya mtu mwenye wembe amemwamini kabisa. Mwenye kuaminiwa hana budi kujua anachokifanya.

NYWELE KATIKA UISLAMU

Uislamu haukuliacha suala la nywele bila mwongozo. Abu Hurayra (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) alimtaka mwenye nywele azitunze na kuziheshimu. Hadithi hii imo katika Sunan ya Abu Dawud. Kuziheshimu nywele ni kuziosha, kuzichana, kuzipaka mafuta na kuzikata kwa utaratibu.

Baadhi ya vijana hudhani kwamba Muislamu ni lazima anyoe kipara. Sivyo. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa nywele za Mtume (s.a.w) zilikuwa zikifika kwenye ndewe za masikio, na wakati mwingine mabegani. Umm Hani (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) alipoingia Makka alikuwa na nywele zilizosukwa mafungu manne. Kwa hiyo nywele ndefu kwa mwanamume, peke yake, si dhambi. Hata wazee wetu wa Kigogo walikuwa na desturi ya kuzitunza. Stanley, aliyepita Ugogo mwaka 1871 kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, aliandika juu ya namna nyingi za nywele alizoziona huku, zikiwemo zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu. Kila zama zina mtindo wake. Muislamu anatakiwa aupime mtindo wa zama zake kwa mizani ya dini.

Mizani ya kwanza ni katazo la qaza'. Ibn Umar (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) amekataza qaza', na hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Nafi', aliyeipokea kutoka kwa Ibn Umar, alipoulizwa maana yake alieleza kuwa ni kunyoa sehemu ya kichwa cha mtoto na kuacha sehemu nyingine. Katika Sunan ya Abu Dawud imo pia habari ya mtoto aliyeonekana na Mtume (s.a.w) akiwa amenyolewa upande na kuachwa upande. Mtume (s.a.w) aliwaelekeza wenyewe wanyoe chote au waache chote.

Waswahili wa zamani walikuwa na neno denge, yaani kunyoa pembezoni na kuacha nywele utosini. Vijana wa sasa wana kiduku, ambapo pande mbili hunyolewa ukabaki mstari wa nywele kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni. Majina yamebadilika, lakini jambo ni lile lile lililokatazwa. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania, ameeleza kuwa wanavyuoni wamekubaliana kuwa qaza' ni makuruhu isipokuwa kwa sababu ya matibabu. Kwa hiyo mtoto mwenye kidonda, akinyolewa mahali pa kidonda ili apakwe dawa, hana lawama. Ama kupunguza nywele za pembeni zikawa fupi kuliko za juu bila kuzinyoa, wapo wanavyuoni wasiolihesabu kuwa ni qaza', kwa kuwa hakuna sehemu iliyonyolewa. Hata hivyo, kinyozi asiliendee mbali jambo hilo mpaka ngozi ya pembeni ikaonekana nyeupe na juu pakabaki kichaka.

Hapa pana neno kwetu sisi walimu na walezi pia. Zipo shule na madrasa ambazo mwanafunzi akija na nywele ndefu hupitishwa mkasi katikati ya kichwa, akakatwa "njia", ili aone haya na aende kunyoa mwenyewe. Tulitafakari tendo hili. Mtoto aliyekatwa njia amenyolewa sehemu na kuachwa sehemu, na hiyo ndiyo qaza' yenyewe. Haiwezekani kumfundisha mtoto kujiepusha na katazo kwa kumfanyia katazo hilo hilo, tena mbele ya wenzake wanaomcheka. Lenye mafunzo ni kumwita mzazi, au mwalimu mwenyewe amkalishe mtoto kwenye kiti na kumnyoa kichwa kizima kwa upole. Mtume (s.a.w), baada ya Ja'far bin Abi Talib (r.a) kufa shahidi katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria, alimwita kinyozi akawanyoa watoto wa Ja'far. Hiyo ilikuwa huruma kwa mayatima, siyo adhabu.

VIFAA VYA KAZI

Huhitaji saluni ili ukate nywele vizuri. Vifaa vifuatavyo vinatosha:

(i) Kitana na chanuo. Kwa nywele za kipilipili, chanuo lenye meno marefu hutangulia ili kuzinyanyua, kisha kitana.

(ii) Mkasi mkali wa nywele. Mkasi uliotumika kukatia karatasi au kitambaa hauzikati nywele, bali huzitafuna na kuzivuta.

(iii) Mashine ya mkono, au ya umeme au chaji, pamoja na vitana vyake vya kupachika. Kitana namba moja huacha nywele za karibu milimita 3, namba mbili karibu milimita 6, na namba nne karibu milimita 13.

(iv) Wembe mpya kwa kila mtu.

(v) Kanga au shuka safi ya kumfunika anayenyolewa, brashi ndogo, kioo, sabuni, spiriti, na mafuta mepesi kama yale ya cherehani kwa ajili ya mashine.

Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha kufanya wema katika kila jambo, na katika mafundisho hayo hayo akaamrisha mwenye kuchinja anoe kisu chake ili asimtese mnyama. Hadithi hii imepokewa na Muslim. Ikiwa mnyama anastahiki kisu kikali, binadamu anastahiki zaidi mkasi na mashine kali. Chombo butu ndicho kinacholiza watoto.

KANUNI ZA KUKATA NYWELE

Kanuni ya kwanza: tazama kabla ya kukata. Mkalishe mtu kwenye mwanga, mahali pasipo na upepo wa vumbi. Zichane nywele, kisha kitazame kichwa chote. Je, kuna kidonda, jipu, magamba au kovu? Nywele zimeelekea wapi? Utosini utaona mahali ambapo nywele huzunguka mduara, na kisogoni mara nyingi huelekea chini. Asiyejua mwelekeo wa nywele atakata mahali pamoja mara tatu, na bado patabaki mabaka.

Kanuni ya pili: kavu kwa mashine, majimaji kwa wembe. Mashine inataka nywele safi, kavu na zilizochanwa. Nywele zenye mafuta na mchanga hushikana na kuziba meno. Wembe unataka nywele zilizolainishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ndiyo maana wahenga wakasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Msemo huo watu huutumia kama onyo, lakini asili yake ni ufundi. Unywele ulioloweshwa dakika mbili tatu hulainika, ukakatika bila kuvutwa.

Kanuni ya tatu: anza kulia. Bibi Aisha (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akipenda kuanza kulia katika kujitwaharisha, kuchana nywele na kuvaa viatu. Na katika Hija ya kuaga alimwonesha kinyozi aanze upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa hiyo kinyozi aanze upande wa kulia wa anayenyolewa, siyo wake yeye aliyesimama mbele.

Kanuni ya nne: anza na nywele nyingi, malizia na chache. Nywele zikishakatwa hazirudi siku hiyo. Kwa kawaida nywele za kichwani hukua karibu sentimita moja tu kwa mwezi. Kama mtu anataka fupi, pitisha kwanza kitana namba mbili kichwa kizima. Akitaka fupi zaidi, weka namba moja. Anayeanza na meno matupu bila kitana hana pa kurekebishia akikosea.

Kanuni ya tano: mkono mmoja hukata na mwingine hushika. Mkono wa kushoto ndio unaokiongoza kichwa na kuivuta ngozi taratibu ili isijikunje. Mkono wa kulia hupeleka mashine ikiwa imelala juu ya ngozi, bila kukandamiza, kutoka chini kwenda juu, kinyume cha nywele zilivyoelekea. Kila mstari upite juu ya nusu ya mstari uliotangulia, kama mkulima anavyolima bila kuacha pori katikati ya matuta. Ukifika utosini, badilisha mwelekeo kufuata mduara. Kwenye sikio, likunje kwa kidole kwenda mbele, kisha kata nyuma yake. Hapo ndipo watoto wengi hukatwa.

Mwenye mashine ya mkono azingatie jambo moja. Aanze kuminya kabla ya kuipeleka mbele, na asiache kuminya mpaka ameitoa kwenye nywele. Akiitoa ikiwa imefunga meno, itang'oa nywele, na mtoto hatakubali tena kukaa.

Mwenye mashine ya umeme aangalie meno. Meno yanayotembea yawe nyuma kidogo ya ncha za meno yaliyotulia. Yakilingana au yakitokeza mbele, yatakata ngozi. Kabla ya kumgusa mtoto, ijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe. Kama inauma au imepata joto, izime, isafishe, itie tone la mafuta, iache ipoe.

Kanuni ya sita: mkasi hufuata kitana. Kwa mtu asiyetaka kunyoa bali kupunguza, ingiza kitana kwenye nywele karibu na ngozi, zinyanyue mpaka urefu unaoutaka, kisha kata zile tu zilizotokeza juu ya kitana. Kitana ndicho kipimo, na pia ndiyo ngao inayoizuia ncha ya mkasi isifike kwenye ngozi. Kidole gumba peke yake ndicho kinachochezesha mkasi, na sehemu nyingine ya mkono itulie. Kata kidogo kidogo, uchane tena, uangalie.

Kanuni ya saba: simama mbali utazame. Baada ya kila hatua rudi nyuma hatua mbili. Tazama mbele, kulia, kushoto na kisogoni. Linganisha pande mbili zikiwa usawa wa macho yako. Kosa la wanaoanza ni kurekebisha kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, mpaka nywele zote zikaisha. Rekebisha upande mrefu tu.

Kanuni ya nane: wakati wa kuchonga, fuata mstari wa asili. Mwenyezi Mungu amemwekea kila mtu mpaka wa nywele zake. Kinyozi anayeurudisha nyuma mpaka huo kwenye paji la uso na kwenye panja ili mstari unyooke kama rula huacha sehemu ambayo baada ya siku chache itaota vinywele na vipele. Kisogoni usinyoe mpaka kwenye ngozi kabisa. Nywele zetu za kipilipili zina tabia ya kujipinda. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake hurudi kuchoma ndani, na hapo hutokea vipele vya kisogoni ambavyo kwa baadhi ya watu huwa makovu magumu yasiyoondoka.

UKITUMIA WEMBE

Kwanza punguza nywele kwa mkasi au mashine, kwa maana wembe haukutengenezwa kwa nywele ndefu. Osha kichwa kwa sabuni na ukiache na povu. Fungua wembe mpya mbele ya anayenyolewa ili auone. Uinamishe wembe, usiusimamishe, uivute ngozi kwa mkono wa pili, upeleke kufuata nywele zilivyoelekea kwa mikwaruzo mifupi. Usirudierudie mahali pamoja. Suuza wembe kila baada ya mikwaruzo michache. Mwenye chunusi, vidonda au magamba kichwani asinyolewe kwa wembe mpaka apone.

Damu ikitoka, acha kunyoa. Bana mahali hapo kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha osha kwa maji na sabuni. Usipake majivu, udongo wala mafuta ya taa. Kinyozi mwenyewe asiiguse damu ya mtu kwa mkono wenye mchubuko. Wembe uliokwisha tumika ufungwe katika karatasi nzito au kopo, utupwe kwenye shimo la choo, usiachwe uani ambako watoto hupita miguu mitupu.

MARADHI YANAYOPITA KATIKA VYOMBO

Ukimwi ulianza kutambuliwa nchini kwetu mwaka 1983 huko Kagera, na tangu hapo serikali, mahospitali na viongozi wa dini wamekuwa wakihimiza watu wasichangie nyembe. Wengi wamesikia, lakini wanadhani shauri hilo ni la ukimwi tu. Ipo pia homa ya ini aina ya B, inayopita katika damu kwa urahisi kuliko ukimwi. Virusi vyake vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7, hata kwenye doa la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Chanjo ya ugonjwa huu iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga nchini mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wazazi na kaka wakubwa waliozaliwa kabla ya hapo wengi wao hawakuipata utotoni. Wembe mmoja ukipita kwa baba kisha kwa mwana ni jambo la hatari.

Kisha yapo mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Huonekana kama mabaka ya duara yenye magamba meupe, nywele zikakatika, na mara nyingi huwasha. Huletwa na ukungu, siyo na uchafu wa tabia wala laana. Hupita katika mashine, kitana, mto, na pia katika kofia. Hapa madrasa yetu yanahusika moja kwa moja, kwa sababu watoto huazimana kofia wakati wa kusoma na kuswali. Kila mtoto awe na kofia yake, ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, ianikwe juani.

Kunyoa hakutibu mapunye. Na dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa unywele. Tiba yake ni vidonge vinavyoandikwa na mganga wa zahanati au hospitali, navyo humezwa kwa wiki kadhaa hata kama kichwa kimeanza kuonekana kizuri. Mtoto mwenye mapunye asichekwe wala asifukuzwe darasani. Apelekwe hospitali, na siku ya kunyoa awe wa mwisho, kwa chombo chake mwenyewe.

Chawa nao wana habari yake katika dini. Ka'b bin Ujra (r.a), akiwa katika ihramu huko Hudaybiya, alisumbuliwa na chawa mpaka wakawa wanamdondokea usoni. Mtume (s.a.w) akamruhusu anyoe na atoe fidia, na hukumu hiyo imetajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 196. Tazama jinsi dini ilivyo na huruma. Udhia wa kichwani umehesabiwa kuwa udhuru hata kwa aliye katika ibada ya Hija au Umra.

NAMNA YA KUSAFISHA VYOMBO

Tunajua kwamba miezi ya kiangazi maji kwetu ni ya kuhesabu ndoo. Lakini kazi hii haihitaji maji mengi:

(i) Mkasi na vyombo vya chuma: viondoe nywele, vioshe kwa sabuni, kisha vichemshe katika sufuria. Hesabu dakika 20 tangu maji yalipoanza kutokota. Vikaushe na uvitie mafuta visishike kutu.

(ii) Vitana vya plastiki: vioshe kwa sabuni, kisha viloweke dakika 10 katika maji ya dawa ya klorini, kipimo kimoja cha dawa ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Baadaye suuza. Dawa hii isikae mahali ambapo watoto wanaweza kuinywa.

(iii) Mashine ya umeme: izime, piga brashi meno yote, kisha yafute kwa spiriti ya asilimia 70 mpaka yalowane, uyaache yakauke yenyewe kabla ya kuiwasha. Spiriti inashika moto, isikaribie jiko wala kibiriti. Fanya hivi baada ya kila kichwa, siyo mwisho wa siku. Kama mashine imemkata mtu ikapata damu, iwekwe kando, meno yafunguliwe, yaoshwe na kulowekwa kwenye spiriti kabla ya mtu mwingine.

Ndugu msomaji, usidanganyike na mambo mawili. La kwanza ni ile spiriti inayopakwa kichwani baada ya kunyoa. Hiyo inawasha ngozi, lakini haiisafishi mashine iliyokwisha kukupitia. La pili ni visanduku vyenye taa ya buluu katika baadhi ya saluni. Kikiwekwa humo chombo chenye mafuta na nywele, taa haiwezi kukifanya kuwa safi. Unayo haki ya kumwambia kinyozi kwa adabu, "Kaka, naomba uisafishe kwanza mashine nikiona." Kinyozi mwema hatachukia. Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kinyozi na mteja wote wanahusika na mafundisho hayo.

MTOTO MCHANGA NA MABINTI

Katika sunna za mtoto mchanga ni kunyolewa siku ya saba, siku ya akika, na kutoa sadaka ya fedha yenye uzito sawa na nywele zake. Kazi hii apewe mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Utosi wa mtoto bado ni laini, haukandamizwi. Mtoto awe ameshiba na amepakatwa na mama yake, kichwa kiloweshwe vizuri, na wembe uwe mpya kabisa. Kama mtoto ni mgonjwa au hajatimiza siku zake, muulizeni kwanza mganga.

Kwa mabinti na akina mama, sharia haikuamrisha kunyoa hata katika Hija, bali wao hupunguza ncha tu. Kupunguza nywele nje ya Hija kunajuzu bila kujifananisha na wanaume, kwani imepokewa katika Sahih Muslim kuwa wakeze Mtume (s.a.w) walikuwa wakipunguza nywele zao. Nywele ndefu huchanwa kuanzia nchani kwenda kwenye mzizi, fungu baada ya fungu, siyo kuanzia juu kwa nguvu. Ncha zilizopasuka hukatwa kwa mkasi mkali. Na binti aliyebaleghe akatwe na mwanamke mwenzake au maharimu wake, siyo na kinyozi wa kiume barabarani.

Nywele zilizokatwa zifagiliwe na kufukiwa. Baadhi ya wanavyuoni wamependekeza kuzifukia, na ni usafi pia. Lakini tusizifukie kwa hofu kwamba mtu atazichukua akaturoge. Muislamu hujikinga kwa Mola wake, na hufagia uwanja wake kwa sababu uchafu haupendezi.

HITIMISHO

Wazazi na walezi, tunaombeni mambo matatu kabla ya Idd ijayo. Kila mtoto awe na wembe na kitana chake. Kila nyumba yenye mashine iwe na chupa ya spiriti karibu yake. Na vijana wakubwa wafundishwe kazi hii kwa utaratibu, wakianza na mkasi na kitana kwa mtu mzima mvumilivu kabla ya kupewa kichwa cha mtoto. Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo kila mmoja wetu siku moja atainamisha kichwa mbele ya mwenzake. Tuwafundishe leo wale ambao kesho tutawainamia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza maana ya qaza', na utaje mitindo miwili ya nywele inayoingia humo.
2. Kwa nini mwalimu hafai kumkata mwanafunzi "njia" kichwani?
3. Taja tofauti kati ya kuandaa nywele kwa mashine na kuziandaa kwa wembe.
4. Mdogo wako ana mapunye na kesho ni siku ya kunyoa. Utafanya mambo gani?
5. Eleza hatua za kusafisha mashine ya umeme baada ya kichwa kimoja na kabla ya kingine.

Majibu yaandikwe katika daftari na yasomwe nyumbani mbele ya mzazi.

Wabillahi tawfiq.